Rejeta ya injini kuukuu haitafutwi kwa jina

SWALI: Shikamoo fundi. Nina injini ya Perkins 4.236 inayoendesha pampu kubwa ya maji. Ni ya zamani, imefungwa kwenye fremu moja ya chuma pamoja na pampu, na huwa inafanya kazi saa nyingi mfululizo kwa mizunguko 1,500 kwa dakika. Rejeta yake imeoza. Inavuja kwa chini, mapezi yanapukutika ukiyagusa, na kibao chake hakisomeki. Wauzaji wa vipuri wananiambia injini wanaijua vizuri ila rejeta yake haimo kwenye orodha zao. Mtu mmoja amenishauri nichukue ya trekta lenye injini hiyohiyo, mwingine anasema ya lori ni nzuri zaidi kwa kuwa ni kubwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wauzaji wamekuambia kweli. Ukiendelea kuulizia "rejeta ya 4.236" utazunguka sana, kwa sababu kitu chenye jina hilo hakipo. Perkins walianza kuitoa injini hiyo mwaka 1964, na jina lake ni vipimo tu: silinda 4, ujazo wa inchi 236 za mchemraba, yaani karibu lita 3.9. Ikafungwa kwenye matrekta ya Massey Ferguson, folklifti, kompresa, jenereta, boti, na pampu kama yako. Kiwanda kiliuza injini. Aliyeunda mtambo ndiye aliyeamua rejeta iwe na ukubwa gani, feni iwe na mapanga mangapi, na upepo uende upande upi. Kwa hiyo injini mbili zinazofanana mpaka nati ya mwisho zinaweza kuwa na rejeta zisizofanana hata kidogo.

Namba iliyogongwa kwenye bloki, ile inayoanza na herufi LD, itakupatia gasketi, pistoni na pampu ya maji. Rejeta haitakupatia. Namba yenye maana hapa ni ya aliyeunda seti nzima, na hiyo huwa kwenye kibao cha fremu au cha rejeta yenyewe. Kisafishe kwa brashi laini na mafuta ya taa, kikauke, kipake chaki kisha ukifute juujuu, halafu kimulike na tochi kutoka ubavuni. Rangi ikishaisha, tarakimu zilizogongwa kwa nyundo mara nyingi zinabaki kwenye bati.

Ombi langu la kwanza kwako ni hili: rejeta hiyo mbovu usiitupe wala usiiuze. Inaniuma sana kuona mtu ameshampa mnunuzi wa shaba rejeta yake kabla hajapata nyingine, kwa sababu ule mzoga ndio mchoro pekee alionao. Na uwezekano ni mkubwa kwamba huhitaji kutafuta nyingine.

Rejeta nyingi za mitambo za wakati ule zilijengwa ili zifunguke. Kuna aina mbili. Ya kwanza ina matangi ya shaba njano, la juu na la chini, yaliyolehemiwa kwenye kiini, yaani sehemu ya katikati yenye mirija ya maji na mapezi, vile vibati vyembamba vya kutoa joto. Ya pili, ambayo ni ya mitambo mizito zaidi, ina matangi ya chuma yaliyofungwa kwa bolti na gasketi kuzunguka ukingo wote. Angalia yako: ukiona mstari wa bolti ndogo nyingi zilizokaribiana, una bahati. Katika aina zote mbili, kinachooza ni kiini. Matangi, mbavu za pembeni, shingo za hosi na miguu ya kufungia huwa bado vizima. Fundi wa rejeta anafungua matangi, anaagiza au anaunda kiini kipya cha vipimo vilevile, kisha anarudisha matangi yako mwenyewe. Ukifanya hivyo, mashimo ya bolti yanabaki palepale, hosi zinaingia zilezile, na feni inakaa mahali pake. Mimi hapo ndipo ningeanzia, na ningekubali kulipa zaidi kidogo kuliko kununua iliyotumika ambayo haijulikani imetoka wapi.

Tangi la juu likishatolewa, omba uone mwenyewe. Utaona midomo ya mirija imepangwa kwa safu, myembamba na bapa. Mirija mizima unaona mwanga kutoka upande wa pili. Iliyoziba ina ukoko mweupe wa chokaa, au tope la kutu jekundu lililokauka. Mtu anaweza kusema mirija michache ikiziba si neno, lakini hesabu: rejeta yenye mirija 120 ikiwa 30 imeziba, robo ya kazi imepotea, na injini itachemsha siku ya joto hata kama haivuji tone. Pia angalia mapezi yanavyoshikana na mirija. Mapezi yakiachia, joto halina njia ya kutoka kwenye mrija kwenda kwenye upepo, hata kama rejeta inaonekana imejaa mapezi.

Fundi atakayekuambia anaweza kuziba tundu la chini kwa kulehemu haraka bila kufungua, mwulize atafanya nini na lehemu za jirani. Lehemu ya bati na risasi inayotumika kwenye rejeta huyeyuka kuanzia nyuzi 183 hivi. Tochi ya gesi isiyotulia inaziba hapa na kufungua pale. Na zile dawa za kumwaga ndani ili kuziba matobo, kwa injini ya saa nyingi kama yako, sizipendi kabisa. Haziwezi kuchagua tobo la kuziba.

Sasa tuje kwenye ya trekta na ya lori. Hapa lazima tujue rejeta inabeba nini. Kwa dizeli ya zamani isiyo na turbo, nishati ya mafuta hugawanyika kwa makadirio ya theluthi: moja inakuwa kazi kwenye shafti, moja inatoka na moshi, na inayobaki inaingia kwenye maji au kutoka kupitia mwili wa injini. Tuseme pampu yako inakula kilowati 35. Basi rejeta iwe tayari kuondoa kama kilowati 30 za joto, saa baada ya saa. Maji yakipoa kwa nyuzi 6 yanapopita kwenye rejeta, unahitaji mzunguko wa lita 72 hivi kwa dakika ili kubeba joto hilo. Mzigo ni huo, uwe na rejeta ya jina lolote.

Lori hupata upepo wa bure likiwa barabarani, na hutumia nguvu zote kwa dakika chache tu, likipanda mlima. Injini yako imesimama. Upepo wake wote unatoka kwa feni, na mlima wake haushuki mpaka uzime. Ndiyo maana rejeta ya lori, hata ikionekana kubwa, inaweza kukuangusha. Ya trekta ni afadhali, kwa sababu trekta nalo hulima taratibu bila msaada wa upepo. Lakini trekta hulima kwa mizunguko 2,000 au zaidi, na upepo wa feni hupungua sambamba na mizunguko. Kwa 1,500 unapata robo tatu tu ya upepo ule. Ni kweli joto nalo hupungua kwa mizunguko midogo, hivyo huenda ikatosha, ila usiinunue bila kulinganisha uso wa kiini chake na wa kiini chako. Na usikimbilie kubadili puli ili feni iende mbio: ukiongeza kasi ya feni kwa robo, nguvu inayokula inakaribia kuwa maradufu, na mkanda ndio utakaolia kwanza.

Kama kiini chako hakiwezi kuundwa upya, pima hivi. Kimo na upana wa sehemu yenye mapezi peke yake, bila matangi. Unene wa kiini. Safu za mirija, ukihesabu kutoka mbele kwenda nyuma. Mapezi mangapi yapo ndani ya inchi moja. Kipenyo cha nje cha kila shingo ya hosi, kwa kalipa, na shingo iko kushoto au kulia ukiwa umesimama upande wa feni. Umbali kati ya mashimo ya kufungia. Mwisho, kipimo kinachosahaulika kuliko vyote: kutoka katikati ya feni hadi ukingo wa chini wa kiini. Feni isipokuwa katikati ya kiini, kona moja inapata upepo mwingi na nyingine inakaa bure.

Ukilazimika kuchagua kati ya rejeta pana na rejeta nene, chukua pana. Safu ya nne ya mirija inapokea upepo ambao tayari umepashwa na safu tatu za mbele, kwa hiyo haikuongezei kiasi unachofikiria. Na mahali penye vumbi au makapi, mapezi yaliyobanana sana kama ya magari madogo ya kisasa yataziba upesi. Mapezi 8 hadi 10 kwa inchi yanasafishika. Zaidi ya hapo utakuwa mtumwa wa brashi.

Kisha feni. Kwenye magari feni huvuta upepo kupitia rejeta na kuupeleka kwenye injini. Kwenye pampu na jenereta nyingi ni kinyume, feni inasukuma upepo wa upande wa injini utoke nje kupitia rejeta. Shika kipande cha karatasi mbele ya rejeta injini ikiwa inazunguka polepole, ujue yako ni ipi, kwa sababu kasha la feni, yaani bati linaloizunguka feni na kuongoza upepo, linaundwa kufuata hilo. Kugeuza feni mbele nyuma hakubadilishi upepo unakoelekea, kunaifanya tu iwe dhaifu. Ukitaka kubadili mwelekeo, unahitaji feni yenye mapanga yaliyopindwa upande mwingine. Kasha lenyewe usilidharau. Nimeona watu wananunua rejeta kubwa zaidi wakati kasha la zamani limetupwa kwenye nyasi nyuma ya kibanda. Bila kasha, upepo unazunguka kwenye ncha za mapanga na kurudi ulikotoka. Pengo kati ya kasha na kiini lizibe kwa ukanda wa mpira.

Kuna mambo ya kupitia haraka. Hosi ya chini iwe na springi ndani, maana pampu ya maji inavuta na hosi laini hujibana. Rejeta ikae juu ya raba, isibanwe moja kwa moja kwenye fremu inayotikisika. Tangi la juu liwe juu ya sehemu ya juu kabisa ya maji kwenye injini, la sivyo hewa itabaki kwenye silinda hedi. Acha nafasi kwenye tangi hilo: lita 20 za maji zikitoka baridi hadi nyuzi 90 hujiongeza kwa zaidi ya nusu lita.

Kifuniko nacho kina namba. Kilichoandikwa 7, yaani paundi 7 kwa inchi mraba, hufanya maji yachemke kwenye nyuzi 111 hivi badala ya 100, na cha 15 kwenye nyuzi 120 hivi. Usiweke cha 15 kwenye rejeta iliyojengwa kwa 7 ukidhani umeongeza usalama. Umeiongezea rejeta mzigo kwenye kila kiungo. Fundi akiijaribu ndani ya maji kwa upepo wa kompresa, apandishe presha juu kidogo tu ya ile ya kifuniko, na afanye hivyo kwa geji, asikisie kwa sikio.

Ukishafunga, endesha kwa mzigo kamili kwa saa moja kisha pima joto la hosi ya juu na ya chini. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 8 ni njema. Ikiwa injini ina joto kupita kiasi na tofauti ni kubwa, tuseme nyuzi 20, maji yanazunguka machache: tazama pampu, mkanda, thamostati (vali inayofunguliwa na joto), au mirija. Ikiwa ina joto kupita kiasi na tofauti ni ndogo, maji yanazunguka lakini upepo hauchukui joto: tazama feni, kasha, na uchafu kwenye mapezi. Nakusihi ufanye kipimo hiki hata leo kabla hujatoa hiyo mbovu, kama bado inashika maji, ili ujue kama tatizo ni rejeta peke yake.

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nimeambiwa nibadilishe rejeta ya shaba ya kompresa yangu niweke ya alumini kwa kuwa ni nyepesi. Fundi wangu anakataa, anasema alumini haipitishi joto kama shaba. Nani mkweli?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Fundi wako ana ukweli nusu. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko alumini, si kidogo. Lakini kwenye rejeta ya zamani shaba nyekundu iko kwenye mapezi. Mirija ni ya shaba njano, ambayo hupitisha joto chini ya alumini, na kati yake na mapezi kuna lehemu, ambayo ni dhaifu zaidi. Alumini ya kisasa huunganishwa bila lehemu laini, na mirija yake huwa mipana. Kwa hiyo rejeta ya alumini iliyoundwa vizuri haina haja ya kuona aibu mbele ya ya shaba.

Hata hivyo kwa kompresa iliyosimama mimi ningebaki na shaba, kwa sababu mbili ambazo hazihusu kupitisha joto. Ya kwanza ni kwamba inatengenezeka: ikitoboka, fundi mwenye tochi na lehemu anaimaliza, wakati ya alumini yenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno mara nyingi mwisho wake ni kubadilishwa nzima. Ya pili ni maji. Kama una desturi ya kujaza maji ya kisima au ya bomba peke yake, alumini italiwa mapema. Inataka kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, yenye dawa ya kuzuia kutu, na ibadilishwe kwa wakati.

Wewe mwenye shaba pia soma chupa ya kulanti kabla ya kumimina. Tafuta inayosema wazi kwamba inafaa kwa shaba nyekundu, shaba njano na lehemu. Baadhi ya kulanti za kisasa zilitengenezwa kwa ajili ya alumini, na lehemu ya zamani haipatani nazo. Rangi ya kulanti isikuongoze, haina kanuni moja kwa watengenezaji wote.

Wepesi kwenye kompresa iliyokaa chini daima haukusaidii chochote. Mwambie fundi wako aendelee na msimamo wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Injini yangu pia inaendesha pampu, na rejeta imekufa kabisa. Kwa kuwa maji baridi yanapita hapohapo, kwa nini nisiyaingize moja kwa moja kwenye injini na kuachana na rejeta?

JIBU: Marahaba. Wazo la kutumia maji ya pampu ni zuri, na linatumika: injini nyingi za dizeli zinazoendesha pampu za zimamoto hupozwa kwa maji ya pampu yenyewe. Lakini hayaingii ndani ya injini. Yanapita kwenye kibadilisha joto, yaani chombo chenye mirija ambamo maji ya pampu hupita upande mmoja na maji ya injini upande mwingine, bila kuchanganyika. Maji ya injini yanabaki yaleyale, yakiwa na dawa yake na thamostati yake.

Ukiyaingiza moja kwa moja, kila dakika unaleta tope na chokaa mpya, na chokaa hujiganda mahali penye joto kali zaidi, yaani kuzunguka silinda na kwenye hedi, ambako hutaweza kukwangua. Tena injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, mafuta hayaungui vizuri, na silinda zinalika. Siku maji yakikatika ghafla na kurudi, chuma cha moto kinakutana na maji baridi na hedi inapasuka. Nakuomba usifanye hivyo.

Kiasi cha maji kinachohitajika ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwa joto la kilowati 30, maji ya pampu yakiruhusiwa kupanda nyuzi 10 tu, lita 43 hivi kwa dakika zinatosha. Chota baada ya pampu, weka chujio linalofunguka kwa mkono, na kidhibiti presha ikiwa pampu yako inasukuma kwa nguvu kuliko chombo kinavyostahimili. Hivyo vibadilisha joto vya boti hufaa sana, chagua kwa kilowati zilizoandikwa. Utahitaji pia tangi dogo lenye kifuniko cha presha, likae juu ya injini, kuchukua kazi ya tangi la juu la rejeta.

Feni ukiitoa, kumbuka kwamba mwili wa injini na bomba la moshi bado vinatoa joto. Kibanda kiwe na matundu ya hewa chini na juu.

Na kwa kuwa sasa upozaji wako unategemea pampu isikose maji, funga vizimio viwili, yaani swichi za kuizima injini yenyewe mambo yakiharibika. Cha joto peke yake hakitoshi: maji yakiisha, kihisi kinabaki hewani, hakiguswi na maji, na geji inaweza kuonyesha joto la kawaida wakati hedi inaungua. Cha pili kiwe cha kiwango cha maji, ukifunge kwenye lile tangi dogo, na ukijaribu kwa kuyatoa maji ya tangi hilo injini ikiwa baridi, ikizunguka polepole, uone kama inazima yenyewe.